Bekapu ya kwenye karatasi

Wiki iliyopita nilishinda chumba cha seva hapa kazini nikimtazama jamaa wa IT akifunga programu ya bekapu kwenye mashine zetu za Linux. Alikuwa na ukurasa wa mahitaji mkononi: mfumo wa uendeshaji toleo gani, kumbukumbu kiasi gani, nafasi gani kwenye diski. Akaweka vema kila mstari, akasema tumemaliza.

Nikabisha. Ukurasa ule unaeleza kinachotakiwa ili programu ikubali kufungwa. Kwamba siku ya msiba utapata vitu vyako, hilo ni suala jingine.

Waulizeni GitLab, kampuni inayowatunzia waandika programu kazi zao. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wao alifuta folda ya kanzidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipoisimamisha amri, sekunde moja au mbili baadaye, takriban GB 300 zilishakwenda na maji.

Wakakimbilia bekapu, hola! Kanzidata yao ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6, lakini pg_dump, programu ya kuinakili, iliyokuwa ikiitwa ni ya 9.2. Na pg_dump haina mchezo: haikubali kunakili kanzidata ya toleo kubwa kuliko lake. Inatoa kosa, inaacha kazi. Kisa chenyewe kinachekesha. Ilikuwa ikiendeshwa kutoka seva isiyo na kanzidata ndani yake, na mfumo ulipokosa pa kusoma toleo, ukajichagulia 9.2. Barua pepe za kuonya zilitumwa, ila hazikukidhi kanuni za uthibitisho, zikakataliwa zilikopelekwa. Nani angejua?

Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo fundi aliichukua kwa mkono yapata masaa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kuirudisha kulichukua takriban masaa 18, maana diski ilikotoka zilikuwa na mwendo wa kobe. Yaliyoingia kwenye kanzidata katika masaa yale 6 yalipotea. Nawapa heko kwa kuyaandika yote hadharani. Ofisi zetu zingetoa taarifa ya mistari miwili kuhusu "hitilafu ndogo ya kiufundi".

Kwa hiyo nikamwambia jamaa: kaka, turudishe folda moja tu ya picha, sasa hivi, kwenye ile mashine ya zamani. Akaniona msumbufu (waandishi tumezoea), lakini akakubali.

Ikagoma. Nakala ilikuwa imebanwa kwa zstd, na mashine ya zamani ina GNU tar ya kabla ya 1.31, ambayo zstd haiijui hata kwa jina. Tukaurudia ukurasa wa mahitaji, mstari kwa mstari. Hakuna neno hata moja kuhusu mashine ya kurudishia, wala muda wa kurudisha, wala nani apigiwe simu bekapu ikifeli usiku.

Ijumaa tunajaribu tena. Humo ndani zimo picha zetu za uchaguzi wa 2005, na wapiga picha wawili waliozipiga wameshastaafu.