Mjaribu Programu Aonyeshe Kazi Yake

Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 iliangamia sekunde 40 hivi baada ya kuruka, kwa kuwa programu yake ilishindwa kupokea namba iliyozidi kipimo chake. Sehemu hiyo ilirithiwa kutoka Ariane 4 bila kujaribiwa kwa safari mpya.

Huo ndio uzito wa kazi ya mjaribu programu. Hata hivyo, kosa likigunduliwa mapema, hakuna anayelikumbuka. Kizuri chajiuza, lakini kilichofichika hakiuziki. Kijana anayetaka kazi hiyo hana budi kuweka kumbukumbu ya kazi zake katika intaneti.

Wala asingoje kuajiriwa kwanza. Firefox hupokea taarifa za makosa kutoka kwa mtu yeyote, na nyingi husomwa hadharani. Aeleze hatua alizofuata, alichotarajia na alichokiona. Siri za mwajiri asiziguse: anayezitoa leo, nani atamwamini kesho?

Walimu wa kompyuta nao wasiishie kwenye mitihani. Kila mwanafunzi aondoke na kazi inayoonekana. Na maofisa wanaoajiri waisome kazi hiyo kabla ya kuuliza cheti. Cheti husema mtu alisoma. Kazi husema anaweza.