Ziara ya Masomo: Kutoka Kwihara hadi Igombe

Imekuwa desturi katika shule na vyuo vya Tabora kuwapeleka wanafunzi Kwihara kuitazama tembe alimokaa Livingstone. Hatuna ugomvi na desturi hiyo. Ila twaona kuwa mara nyingi ziara hizo huishia katika daftari. Mwanafunzi hunakili kwamba Stanley aliondoka tarehe 14 Machi, 1872, na kwamba Livingstone aliondoka Agosti ya mwaka huo huo, kisha hupanda gari na kurudi. Ni nadra kumpata mmoja aulizaye yule mzee alifanya nini katika ile miezi mitano. Alikuwa akingoja wapagazi kutoka pwani.

Maoni yetu ni kwamba ziara ya Kwihara ifuatwe na siku nzima kando ya Bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji, na kwamba siku hiyo isiwe na karatasi ya maswali.

Wako wenzetu watakaosema kuwa hayo ni matembezi, si kazi. Sisi wenyewe tulidhani hivyo. Mara ya kwanza tulipowapeleka wanachuo Igombe tuliwagawia maswali thelathini, yaliyopigwa chapa vizuri, na tukajisifu moyoni. Siku nzima walitutazama sisi kuliko walivyoyatazama maji. Ndege akipita, waliuliza jina lake na namna ya kuliandika.

Mara ya pili tulizikusanya daftari. Tukamwomba kila mmoja aketi peke yake chini ya miti, mbali na mwenzake, anyamaze kwa muda wa saa moja. Dakika za mwanzo zilikuwa ngumu, hasa kwa wakufunzi, maana mwalimu asiyesema hujiona kama mtu aliyeachishwa kazi. Baadaye ukimya ukazoeleka. Furukombe alishuka, akanyakua samaki, akaenda zake. Upepo ulipotulia zilisikika sauti za wavuvi waliokuwa mbali.

Saa ilipokwisha, mwanachuo mmoja alionyesha michirizi ya matope ukingoni, mmoja chini ya mwingine kama ngazi, akauliza maji yalikwenda wapi. Wakajadiliana wenyewe: jua limeyachukua, mto hauleti kitu tangu mvua zilipokoma, na mji nao umeyanywa kwa miaka mingi, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika. Ndipo mwingine akasema: ikiwa wakati wa kiangazi maji hupungua hivi hata nyuma ya boma lililojengwa, misafara ya mamia ya watu ilikunywa nini?

Swali hilo halikuwamo katika yale thelathini yetu. Kwalo Unyanyembe ilieleweka upya: si njia panda ya kwenda Ujiji na Buganda tu, bali mahali penye visima na nafaka, ambapo msafara uliochoka uliweza kukaa. Njia ile, ambayo mwaka 2006 Tanzania iliiweka katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, ilipitisha pembe na watu. Mwanachuo wa tatu akauliza mtumwa aliyefungwa mnyororo alipewa maji zamu ya ngapi. Hatukuwa na jibu, na hatukujifanya tunalo.

Kuna mambo ya kuangalia. Mwanafunzi asiruhusiwe kuingia majini, kwa kuwa kina cha bwawa hakionekani kwa macho. Chakula kibebwe kutoka chuoni. Shule isiyo na fedha za gari la kwenda Igombe yaweza kutumia Bwawa la Kazima, lililo karibu zaidi na mji.

Sisi twakusudia kurudi Igombe kiangazi kijacho, siku moja baada ya Kwihara. Daftari zitabaki garini hadi saa nne.