Watoto wetu wanatembea tayari, tupeni njia!

Wasikilizaji, watu wa afya wanasema kweli. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu ao kwa kinga anapata moyo wenye nguvu, na mji unapunguza moshi. Shirika la Afya Duniani linaomba mtoto wa miaka 5 mpaka 17 achezeshe mwili dakika 60 kila siku. Vizuri. Lakini hapa Kolwezi fundisho hilo ni la nani?

Watoto wetu wanatembea tayari, kwa sababu wazazi hawana franka za moto. Wanapita kando ya malori ya shaba na ya asidi. Masomo yanafunguliwa mwezi wa kenda, mvua haijaanza, vumbi limejaa barabarani. Mtoto anaingia darasani nyusi zikiwa nyekundu.

Na vumbi la hapa si udongo tu. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya Kasulo: mkojo wa watoto wa pale ulikuwa na kobalti karibu mara 10 kuliko wa watoto wanaokaa mbali na machimbo. Mwezi wa pili 2019, pale Kabwe, kwenye barabara ya kwenda Lubumbashi, lori la asidi liligongana na magari ya abiria. Watu karibu 20 walikufa.

Kobalti yetu inaingia katika betri za magari ili watoto wa Ulaya wavute hewa safi. Wa kwetu wavute vumbi mpaka lini?

Wengine wanajibu: mzazi alipe moto. Mwenye watoto watano atalipa na nini? Na watoto watatu juu ya moto moja, katikati ya malori, huo ni usalama gani?

Pesa iko. Sheria ya migodi ya 2018 inaachia miji, sekta na shefferi 15 kwa mia ya redevansi ya migodi. Basi tunadai: njia ya miguu na ya kinga, iliyotengwa na malori. Malori yasimame saa watoto wanapokwenda na kurudi. Barabara zimwagiliwe maji wakati wa kiangazi.

Na ninyi mliotolewa Kasulo mwaka 2017, na ninyi mnaoambiwa leo mhame kwa ajili ya mgodi: msikubali kuhesabiwa vyumba na kuta peke yake. Ulizeni shule iko wapi, na mtoto atapita wapi kufika. Kampuni inayohamisha nyumba ihamishe na shule.

Burugumestre wa Dilala na wa Manika, tunawaalika. Acheni gari siku moja, mshike mkono wa mtoto wa darasa la kwanza, mtembee naye mpaka shuleni. Kisha mtuambie kama njia hiyo inafaa.