Mbekenyera ipate kinanda kabla ya jukwaa

Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, inajulikana nchi nzima kwa mpira. Timu yake, Namungo FC, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Simba, kisha ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hakuna aliyedai kwamba kipaji pekee kingetosha. Palitakiwa kocha, uwanja na mazoezi ya kila siku. Ikija zamu ya muziki, akili hiyo tunaiweka kando. Kijana wa Mbekenyera, moja ya kata za Ruangwa, mwenye sauti nzuri huambiwa asubiri shindano la kusaka vipaji, ilhali pengine hajawahi kugusa kinanda wala gitaa.

Wako watakaosema sauti haihitaji chombo, na kwamba watu wa kusini wameimba kwenye jando na unyago karne nyingi bila kinanda. Ni kweli, na hazina hiyo isidharauliwe. Lakini anayetaka kuimba jazi na kutunga nyimbo zake ana kazi nyingine: lazima ajue kodi ya gitaa, yaani noti zinazopigwa pamoja, inaelekea wapi pale sauti yake inapoiacha, ili ajue mahali pa kuirudia. Anayejua atamwambia mpiga gitaa abadilishe hapa, arefushe pale. Asiyejua huimba alichopangiwa na prodyuza. Mbaraka Mwinshehe aliitawala bendi ya Morogoro Jazz kwa sababu alikuwa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi kwa wakati mmoja. Zanzibar, Siti Amina alisoma katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002. Anapiga udi, anaimba na kutunga, na bendi yake inachanganya taarabu na jazi. Udi haukumpunguzia uimbaji hata kidogo.

Wengine watasema jazi ni ya Wamarekani. Hapo ndugu zangu wa Lindi wanisamehe: bendi ya Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilibeba jina la wilaya ya mkoa huu huu. Zile bendi, kusema kweli, zilipiga rumba na dansi zaidi kuliko jazi ya New Orleans, lakini saksafoni na tarumbeta si wageni kwetu.

Pingamizi zito ni la fedha. Shule inayodai madawati na maabara itanunuaje vinanda? Tena chuo hicho cha Zanzibar chenyewe kilikaribia kufungwa mwaka 2019, fedha za wafadhili zilipopungua. Kwangu hilo ni onyo dhidi ya kutegemea wafadhili. Halifuti hitaji la kufundisha. Ruangwa na Nachingwea zinauza korosho na ufuta kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na halmashauri hukusanya ushuru wa mazao kila msimu; humo ndimo fedha zitafutwe. Haidaiwi kila shule iwe na bendi. Kata kama Mbekenyera ianze na vinanda viwili vitatu, magitaa machache, na mwalimu mmoja aliyehitimu TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, azunguke kwenye shule za jirani baada ya vipindi. Mwalimu huyo ndiye wa kupiganiwa kwanza kwenye bajeti, maana vyombo bila mwalimu vitaishia stoo.