Kichina Tunakijua, Mkataba Hatuuoni



Juzi nilikuwa nyumbani Kimbiji. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, akaniita pale ufukweni wanaposhusha samaki. "Mjukuu wangu, nasikia ulikwenda kusoma China. Hebu tuambie, hao wawekezaji kwenye mikataba yao wanaandikaga nini?"

Nikamjibu, "Babu, kwa kweli sijui." Akaniangalia weee, kisha akarudi kwenye nyavu zake.

Swali lile sijaweza kulitua mpaka leo.

China nilikaa miaka mitano. Mwaka wa kwanza ni lugha tu. "Ma" moja, ukibadilisha sauti, inakuwa mama, katani, farasi au kufoka. Ukiteleza kidogo umemwita mama wa watu farasi! Usiku tunaandika herufi zao mpaka vidole vinauma, maana bila kufaulu mtihani wa HSK masomo ya shahada huanzi. Tulifundishwa mpaka namna ya kupokea kadi ya mtu: mikono miwili. Sijutii hata siku moja.

Ila kuna siku binti mmoja wa Kichina, anasoma Kiswahili pale chuoni, aliniuliza tofauti ya "mkataba" na "makubaliano". Nikababaika. Yeye alikuwa ameshaiandika kwenye daftari.

Jamani, wenzetu hawajaanza leo. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Vyuo vya Beijing vikaanza kufundisha Kiswahili miaka hiyo hiyo ya 1960. Sisi Taasisi za Confucius pale UDOM na UDSM zimefunguliwa 2013. Wametutangulia nusu karne, na walijua wanachokitafuta.

Mwaka huo huo wa 2013 Rais Xi Jinping alikuja Dar es Salaam, na makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yakasainiwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti yake ni mwendawazimu tu anayeweza kuyakubali. Sasa mwananchi wa kawaida aliyasoma wapi masharti hayo? Tuliyasikia mdomoni mwa rais, baada ya miaka sita.

Niliporudi nilipata kibarua cha ukalimani kwenye mradi mmoja. Kazi yangu: "Waambie wachimbe hapa. Waambie wasichelewe." Siku makaratasi yalipowekwa mezani, niliambiwa nisubiri nje. Miaka mitano ya kusoma, halafu nasubiri nje na dereva!

Hiyo ndo hali ya vijana wengi waliosoma Kichina. Kariakoo tunatafsiri bei, saiti tunatafsiri amri. Mtu wa Kimbiji akienda mjini anavuka Daraja la Nyerere, lililojengwa na makandarasi wa Kichina na kufunguliwa 2016. Daraja analiona. Mkataba hauoni.

Na hapa simlaumu Mchina. Yeye anatetea cha kwao. Wa kuulizwa ni serikali yetu, inayosaini kwa niaba yetu halafu inafungia kabatini.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, mikataba mikubwa ipelekwe bungeni na iwekwe wazi kwa Kiswahili, mwananchi aisome. Pili, nafasi za ufadhili wa kusoma China zitangazwe mpaka kwenye ofisi za serikali za mitaa, na majina ya waliopata yabandikwe. Tatu, vijana wenye Kichina wasomeshwe pia sheria na uhandisi, wakae upande wetu wa meza wakati wa majadiliano.

Vijana wenzangu, kasomeni Kichina, tena msome kwa bidii. Lakini mkirudi, msikubali kusubiri nje.

Mimi Kimbiji nitarudi, na babu yule ataniuliza tena. Safari hii nataka niwe na karatasi mkononi, nimsomee.