Istilahi Ziko Ufuoni

Kuna dai lililozoeleka katika semina zetu, kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi za michezo ya kisasa. Nami nililiunga mkono hadi mwaka jana, nilipoanza kujifua kwa traiathloni yangu ya kwanza ya masafa marefu: kuogelea kilomita 1.9, kuendesha baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1 pasi na kupumzika. Hiyo ni nusu tu ya shindano kamili lililozaliwa Hawaii mwaka 1978, ambapo wanaume 15 walijitosa na 12 wakafika mwisho.

Mimi ni mwanariadha wa ridhaa, tena mzaliwa wa bara. Mbio hazikunitisha. Lakini kamba hukatikia pabovu, na pabovu pangu palikuwa majini. Nilijifunza kuogelea bwawani, ambako maji hayaendi kokote. Ratiba yangu, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilinitaka niogelee kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi; nilipokwenda Mombasa kwa utafiti wa tasnifu, niliitii neno kwa neno.

Jumamosi ya tatu nilipiga mikono kwa dakika 20 nikiutazama mnazi mmoja wa ufuoni. Badala ya kukua, mnazi ulizidi kuwa mdogo. Mkondo ulikuwa ukinivuta kuelekea mlango wa mwamba. Mvuvi mmoja alinifuata kwa mtumbwi, akanipakia.

“Mwanangu, leo bamvua,” akasema, “na maji yanapwa. Nani aliyekutuma?”

Sikuwa na jibu, maana aliyenituma ni karatasi.

Mzee yule alinifunza kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hujaa na kupwa kwa nguvu. Katikati yake huja maji mafu, bahari ikapoa. Tena nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivi kwamba saa kumi na mbili ya Jumamosi hii si ya Jumamosi ijayo. Tangu hapo nimeipangua ratiba: naogelea masafa marefu siku za maji mafu, na siku za bamvua naendesha baiskeli. Huko nako kuna kusi. Ukielekea Kilifi inakusukuma mgongoni. Ukirudi unalipa deni lote.

Maneno haya yamo kamusini. Niliwahi kuandika insha kuhusu taswira ya bahari katika ushairi, nikatuzwa alama nzuri, ilhali sikujua bamvua huwa siku gani. Je, umaskini huo ni wa lugha au ni wetu?

Sisemi kwamba kila kitu kipo. Zoezi la kushuka kwenye baiskeli baada ya saa tatu na kukimbia papo hapo, miguu ikiwa mizito kama magogo, halina jina ninalolijua. Mwenzangu mmoja amependekeza “mwambatano”. Si neno baya, ila aliyelipendekeza hajawahi kushuka kwenye baiskeli hiyo. Waundaji istilahi wetu na wawaulize kwanza mafundi wa baiskeli na wavuvi, kisha ndipo wakae mezani.

Mimi nitarudi Mombasa maji mafu yajayo. Mzee ameahidi kunifuata kwa mtumbwi, kwa sharti kwamba nisije na karatasi.