Kitabu cha Kliniki Kimejaa, Mama Je?

Keti kwenye benchi la zahanati ya umma upande wa Tigania kule Meru au Mbeere kule Embu, asubuhi ya siku ya kliniki, utazisikia hoja zilezile kuhusu huduma za wajawazito. Nyingi zina chembe ya ukweli, na hapo ndipo zinapopotosha.

Hoja ya wakubwa ni kwamba karibu kila mjamzito siku hizi huenda kliniki, kwa hiyo huduma ni nzuri. Kweli, Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 98 ya akina mama nchini Kenya walihudumiwa na mtaalamu angalau mara moja. Waliofika mara nne au zaidi, hata hivyo, walikuwa asilimia 66, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mara nane. Hata hesabu hizo ni za miguu iliyovuka mlango. Hazisemi kilichofanyika ndani. Mama anaweza kuhudhuria mara sita, apimwe uzito na kupapaswa tumbo mara sita, na mkojo wake usipimwe hata siku moja kwa kuwa vijiti vya kupimia viliisha. Kwenye takwimu, huyo amehudumiwa.

Wazee nao husema mimba si ugonjwa, mama zetu walizaa bila kupimwa presha. Walizaa, na wengine wakafa, ila waliokufa hawaji barazani kusimulia. Sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini. Chukua kifafa cha mimba. Baada ya wiki ya 20 presha inaweza kupanda na protini ikaonekana kwenye mkojo, huku mama akiendelea kuchuma chai Imenti au kupalilia ndengu Mbeere, akijiona mzima. Kichwa kikianza kugonga, macho yakaona ukungu na uso ukavimba, hatari imeshafika mlangoni. Mashine ya presha na kijiti cha mkojo vingeweza kuigundua mapema, tena kwenye zahanati ndogo kabisa, bila daktari bingwa. Damu nayo ni vivyo hivyo: aliyejulikana mapema kwamba ana upungufu hupewa vidonge vya madini ya chuma miezi kadhaa kabla ya kujifungua. Asiyejulikana hugunduliwa akiwa anavuja.

Kisha huja lawama: wanawake huchelewa kwa ujinga. Wako wanaongoja hadi mwezi wa tano au wa sita, sikatai. Lakini wako pia waliofika mapema wakaambiwa warudi tumbo likionekana. Mwingine hana nauli ya bodaboda, na siku ya kliniki ni kibarua kilichopotea. Mwanafunzi aliyeshika mimba huificha hadi sare ya shule imsaliti. Hapo neno ujinga halielezi chochote.

"Wauguzi ni wakali." Ukali kwa mama mwenye uchungu hauna utetezi, nami sitautafutia. Ila tazama chumba chenyewe: muuguzi mmoja ndiye wa kliniki, wa chanjo, wa dawa, na mtu akiletwa anajifungua, foleni yote inasimama. Chuo cha mafunzo ya utabibu na uuguzi, KMTC, kina matawi Embu na Meru, na wahitimu wasio na ajira wapo. Ajira katika vituo hivi ni kazi ya serikali za kaunti tangu 2013, kwa hiyo kisingizio cha Nairobi hakifiki mbali. Mgomo wa wauguzi wa 2017, ulioanza Juni ukaisha Novemba, ulionyesha vizuri nani hasa hubeba zahanati.

Kuhusu huduma kuwa bure, maneno machache yatatosha. Mpango wa serikali wa uzazi bila malipo, Linda Mama ya 2016, ulipunguza mzigo, na tangu Oktoba 2024 shughuli imehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Zahanati humhudumia aliyejisajili bila kudai michango. Hospitali kubwa ni habari nyingine. Na bure ya kutumwa duka la dawa ukanunue glavu ni bure ya aina gani?

Wenye uwezo hukimbilia picha ya mtoto kwenye kliniki ya kibinafsi mjini na kuona wamemaliza. Picha ni nzuri, lakini haipimi presha.

Basi mama, au wewe mume unayemsindikiza, mkienda wiki hii fungueni kitabu kabla ya kuondoka chumbani. Ulizeni presha ni ngapi, damu ni ngapi, mkojo umeonyesha nini. Pasipoandikwa kitu, rudini mezani mkaulize kwa nini.